Kampuni yako ndogo ya programu inataka kushirikiana na maabara ya fizikia? Pita hatua hizi

Maswali ni yale yale kila siku. "Mkuu, tuna programu yetu ya kuchambua data, CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe kule Geneva, tunaingiaje?" "Tumewaandikia imeli hawajibu, shida nini?" "Wanataka msimbo wetu wote, tuwape au tukaze?" Na huwa nakuta watu wameshachoma miezi kwenye kitu ambacho kingejulikana kwa kikao kimoja cha chai. Kwa hiyo nayaweka hapa yote kwa mpangilio, wewe anza juu shuka nayo.

Kwanza tuelewane hii ni ya nani. Ni ya kampuni ndogo inayotengeneza programu za kisayansi, yaani simulesheni, uchambuzi wa data, kuchora data kubwa ionekane kwa macho, kuendesha mitambo ya vipimo, vitu vya namna hiyo. Kama unataka kuuzia maabara laptopu na printa hapa sio kwako, hiyo ni tenda, nenda kwenye ofisi ya manunuzi.

Na kitu cha pili, ubia wa utafiti sio mauzo. Maabara haikununui, inakaa na wewe mnafungua fundo moja pamoja, wao wanatoka na matokeo ya kisayansi na kifaa kinachofanya kazi, wewe unatoka na programu iliyopigwa msasa na watu wagumu kuliko mteja yeyote utakayempata mtaani. Ukiingia na ankara mkononi wiki ya kwanza mtaachana tu.

Mfano mzuri wa ubia uliozaa ni ParaView, programu ya kuchora data kubwa ionekane. Kitware, kampuni ya New York iliyoanzishwa 1998, mwaka 2000 walianza kazi na maabara ya Los Alamos kwa pesa za Wizara ya Nishati ya Marekani, kupitia mpango wao wa simulesheni za supakompyuta, ASCI. Shida ya maabara ilikuwa moja na inaeleweka: supakompyuta zao zilikuwa zinatema data kubwa kiasi kwamba hakuna mashine moja inayoweza kuichora. Toleo la kwanza la hadharani likatoka Oktoba 2002, Sandia, maabara nyingine ya wizara hiyo, nao wakaingia, na mpaka leo programu ni chanzo huria kwa laiseni ya BSD (iliyolegea, karibu kila matumizi yanaruhusiwa), na kampuni inakula kwa kuendeleza, kufundisha na kutengenezea watu vitu juu yake. Ona walivyoanza: shida moja, maabara moja. Sio "suluhisho la kidijitali kwa sekta ya sayansi", jamani.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Programu inayofanya kazi leo, kwenye Linux. Sio slaidi. Karibu kila maabara ya fizikia inaendesha Linux kwenye klasta zake (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja), ukija na kitu cha Windows peke yake umejifungia mlango mwenyewe (labda kama mnaendesha vifaa vya benchi, huko Windows bado ipo sana).

Mtu mmoja ndani ya kampuni anayeongea fizikia. Sio lazima awe na PhD, lakini akiambiwa "mandharinyuma ya kelele iko juu ya ishara" asiulize kelele gani.

Pesa ya kuishi bila kipato kutoka kwenye mradi huu. Mkataba wa ushirikiano kupita kwa wanasheria wa maabara unaweza kula nusu mwaka au zaidi, na mishahara ya vijana wako haisubiri.

Orodha ya kila maktaba ya programu ya watu wengine mliyotumia na laiseni yake. Ifanye sasa hivi, hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini.

Kampuni iliyosajiliwa kweli (BRELA kama uko Tanzania, BRS kama uko Kenya), akaunti ya benki ya kampuni, na mwanasheria ambaye ameshawahi kusoma mkataba wa mali ya ubunifu hata mmoja. Sio shemeji yako wa kesi za viwanja.

HATUA

1. Tafuta shida, usitafute maabara

Watu wengi wanaanza na jina kubwa, wanataka CERN kwa sababu ni CERN. Anza na shida. Na habari njema ni kwamba wanafizikia wanalalamika hadharani na kwa maandishi, kazi yako ni kusoma tu. Ingia arXiv, tovuti ya bure ya makala za wanasayansi, kwenye makundi ya physics.comp-ph na physics.ins-det, soma sehemu za mwisho za makala ambako wanaandika kilichowazuia. Soma ripoti za mkutano wa CHEP kama uko upande wa kompyuta za fizikia ya chembe, au ICALEPCS kama programu yenu inahusu kuendesha mashine. Ukiona malalamiko yale yale kutoka maabara tatu tofauti, hiyo ndiyo shida yako.

Halafu jaribu kuitatua nyumbani kabla hujamwandikia mtu. Data ya kuchezea ipo bure: CERN wana tovuti ya data wazi tangu 2014, na watu wa LIGO, wale wa vipimo vya mawimbi hayo kule Marekani, wanaweka hadharani data ya mawimbi ya mvutano. Huhitaji ruhusa ya mtu, unashusha unapiga kazi. Ukimfuata mwanafizikia ukiwa umeshachakata data anayoijua, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

2. Chagua saizi ya maabara inayolingana na wewe

CERN wana chombo chao cha kushirikiana na kampuni za teknolojia kinaitwa openlab, kipo tangu 2001, na waliopita humo ni kina Intel, Oracle, Siemens, Google. Sisemi haiwezekani, nasema hiyo ndiyo foleni utakayopanga.

Kampuni ndogo inaanzia kwenye kikundi cha utafiti cha chuo, au stesheni moja ya kipimo kwenye maabara kubwa, mahali ambapo watu watano au kumi ndio wanaamua watumie programu gani. Kwa walioko huku kwetu, msiruke vya karibu: Kigali kuna EAIFR, taasisi ya fizikia iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa kushirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, ipo tangu 2018. Afrika Kusini kuna iThemba LABS wenye saiklotroni kubwa (mashine ya kuharakisha chembe), kule nje kidogo ya Cape Town. Ukifanya kazi nzuri na kikundi kidogo, wao wenyewe wana marafiki kwenye maabara kubwa, kwa sababu fizikia ya sasa hivi ni kazi ya makundi makubwa na wanajuana wote.

3. Mtafute mtu, sio ofisi

Usimwandikie mkurugenzi. Usiandike kwenye ile imeli ya "info". Mtu unayemtaka ni yule ambaye programu mbovu inamuumiza yeye binafsi: mtafiti aliyemaliza PhD yuko kwenye mkataba wa miaka miwili mitatu, au mwanasayansi wa kudumu anayesimamia stesheni. Jina lake liko kwenye makala uliyosoma hatua ya 1, mara nyingi ndiye mwandishi wa kwanza.

Imeli yako iwe fupi. Sentensi ya kwanza: nimesoma makala yako fulani na mmesema kitu fulani kinawachukua muda. Ya pili: tumejaribu kwa data wazi ya fulani, tumepata hiki, mchoro huu hapa. Ya tatu: tungependa kujaribu kwa data yenu, tunaomba nusu saa. Basi. Usiweke historia ya kampuni, dira na dhamira, wala picha ya timu mkiwa mmevaa fulana zinazofanana.

Asipojibu subiri wiki mbili tatu ukumbushe mara moja. Inawezekana yuko kwenye zamu ya mashine, watu wakiwa kwenye zamu wanaishi usiku na imeli hawagusi.

4. Fanya jaribio dogo kwa data yao

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni makaratasi. Ubia mwingi naouona unafia hapa au unazaliwa hapa.

Kubalianeni seti moja ya data, swali moja, muda usiozidi miezi miwili au mitatu, na kipimo kimoja cha kusema imefaulu. Kipimo kiandikwe kabla ya kuanza. "Iwe haraka zaidi" sio kipimo. "Ichambue faili hizi ndani ya usiku mmoja kwenye klasta yetu na jibu lisitofautiane na la zamani zaidi ya makosa ya kitakwimu", hicho ni kipimo.

Sasa sikiliza, mwanafizikia hatakuamini. Sio dharau, ndivyo walivyofundishwa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kurudia jibu ambalo tayari wanalijua. Wana matokeo yao ya zamani, toa yale yale kwa programu yako, kisha ndio mzungumze kasi na uzuri. Vijana wengi wanakimbilia kuonyesha kitu kipya, wanapewa tabasamu na hawaitwi tena.

Mambo ya kiufundi yatakayokukuta huko:

Faili. Fizikia ya chembe inaishi kwenye muundo wa ROOT, vituo vya mionzi ya sinkrotroni vinatumia sana HDF5 kwa mpangilio wa NeXus, wanaanga wanatumia FITS. Soma muundo wao kama ulivyo, usiwaambie wageuze kuwa CSV. Nimesema usiwaambie.

Klasta. Hautapewa ruhusa ya adimini, kazi zinaingia kwa foleni na mara nyingi programu inayopanga foleni ni Slurm, na mashine zinazofanya hesabu zenyewe zinaweza kuwa hazina intaneti kabisa. Docker, ile ya kufunga programu na vyote inavyohitaji kwenye kontena moja, wengi hawairuhusu kwenye klasta za pamoja kwa sababu za usalama, wanatumia Apptainer, ile iliyokuwa inaitwa Singularity. Andaa kontena ya Apptainer mapema. Na angalia toleo la Linux: CentOS 7 ilifikia mwisho wake Juni 2024, CERN na Fermilab (maabara ya fizikia ya chembe ya Marekani) walishapendekeza AlmaLinux tangu mwisho wa 2022, lakini bado utakutana na mashine ya kudhibiti kifaa ambayo haijaguswa miaka kumi na hakuna anayethubutu kuigusa.

Vizio. Geant4, programu ya simulesheni ya chembe zikipita kwenye vitu, kwa ndani inahesabu kwa milimita na MeV (kizio cha nishati, GeV moja ni MeV elfu). Wengine wanaandika kwa sentimita na GeV. Uliza, andika, hakikisha. Kosa la mara elfu halijifichi, ila lile la mara kumi kati ya milimita na sentimita linaweza kukaa wiki nzima linawacheka.

Onyo: usitoe toleo jipya la programu wakati wana muda wa mashine. Muda wa kutumia mashine kubwa unagawiwa kwa maombi na unaweza kuwa siku chache tu kwa mwaka, ukiwavunjia kitu usiku ule hakuna mkataba utakaokuokoa.

5. Chagueni aina ya makubaliano

Jaribio likienda vizuri ndio mnaingia kwenye karatasi. Aina ni nyingi na watu wanazichanganya, nazitaja zile utakazokutana nazo.

Hati ya maelewano, ile MoU, ni tamko la nia, pesa haina na haki za mali mara nyingi haina. Ni nzuri kwa picha ya ukutani na kufungulia milango. Msijenge mradi juu yake.

Makubaliano ya kutunza siri. Fupi, saini kabla ya kuonyesha msimbo au kupokea data ambayo haijachapishwa, kwa hiyo hii inaweza kutangulia hata jaribio la hatua ya 4.

CRADA, yaani makubaliano ya utafiti wa pamoja. Hii ni ya maabara za serikali ya Marekani, ilianzishwa kwa sheria ya 1986 na ikapanuliwa 1989 kufikia zile maabara za serikali zinazoendeshwa na wakandarasi, ambazo ndizo nyingi za Wizara ya Nishati. Kinachowashangaza wengi: maabara inaweza kuchangia watu, vifaa, mashine, ila PESA HAIKUPI. Wewe unaweza kuwapa wao, wao hawakupi wewe. Faida yake ni kwamba taarifa zinazozaliwa kwenye mradi zinaweza kulindwa zisitolewe hadharani kwa muda mpaka miaka mitano, na mnaweza kukubaliana mapema nani anapata haki gani. Serikali yao inabaki na haki ya kutumia uvumbuzi kwa shughuli zake, hiyo haijadiliwi, usipoteze muda wa mwanasheria kuipinga.

Kuilipa maabara ikufanyie kazi. Kwa Wizara ya Nishati hiyo inaitwa SPP. Unalipa gharama kamili na gharama zao za uendeshaji ni nzito, jiandae kisaikolojia.

Makubaliano ya mtumiaji. Kama unachotaka ni kutumia tu mashine yao ya kipimo, vituo vingi vya umma havikutozi kama mtachapisha matokeo, mkitaka matokeo yabaki siri ya kampuni mnalipa gharama kamili.

Onyo: usisaini "mkataba wa kawaida" kwa sababu wamesema ni wa kawaida. Ni wa kawaida kwao.

6. Mali ni ya nani, mmalize kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo

Gawanyeni mafungu matatu kwa maandishi. Fungu la kwanza ni mali mliyokuja nayo: orodhesha programu yako, toleo namba ngapi, tarehe gani, weka kama kiambatisho. Fungu la pili ni kitakachozaliwa ndani ya mradi: kilichoandikwa na watu wako, kilichoandikwa na watu wao, na kilichoandikwa pamoja. Fungu la tatu ni haki ya kutumia: hata kama mali ni yako, wao watataka kuendelea kuitumia kwa utafiti baada ya mradi kuisha, na kusema kweli wana haki, wapeni leseni ya utafiti isiyo na mwisho mambo yaishe.

Njia inayofanya kazi kwa wengi ni kugawanya programu yenyewe. Kiini kiwe chanzo huria, kila mtu achangie, halafu vitu vya kibiashara kama muonekano, msaada wa kiufundi na viunganishi vya viwandani vibaki vya kampuni. Maabara za fizikia zinapenda chanzo huria kwa sababu jaribio linaweza kudumu miaka ishirini au thelathini na kampuni inaweza kufa katikati, wanataka wakifungua faili ile siku hiyo ifunguke. Angalia HDF5, ilitengenezwa Illinois kwa kusaidiwa na maabara za Wizara ya Nishati, na 2006 waliokuwa wanaitunza wakatoka chuoni wakaunda shirika lao lisilo la faida ili faili za watu zisibaki yatima.

Sasa ile orodha ya maktaba. FFTW, ambayo nusu ya dunia inaitumia kwa hesabu za Fourier, ni GPL, laiseni inayotaka ukisambaza programu uliyoijenga juu yake utoe na msimbo wako, kwa hiyo ukitaka kuiweka ndani ya bidhaa iliyofungwa unanunua laiseni kutoka MIT. GSL nayo ni GPL. ROOT ni LGPL, ina masharti mepesi kidogo. Geant4 ina laiseni yake yenyewe, imelegea. Ukigundua mwezi wa nane kwamba kiini cha bidhaa yako kimekaa juu ya GPL na ulishamwahidi mwekezaji msimbo uliofungwa, hapo hakuna mchawi.

7. Pesa

Kwa Marekani mlango wa kampuni ndogo ni mipango ya pesa za utafiti ya serikali, SBIR (sheria ya 1982) na STTR (1992). Tofauti ni kwamba STTR inakulazimisha uwe na taasisi ya utafiti: kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi angalau asilimia 30. Sharti la kampuni ni kuwa ya Marekani, zaidi ya nusu imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa kule, wafanyakazi wasizidi 500. Kwa hiyo kampuni ya Kinondoni haipiti hapo, lakini Mswahili mwenye kampuni yake Minnesota na kadi ya ukazi anapita, na mnaniuliza sana hili. Hii mipango Bunge lao linaihuisha kwa vipindi, hakikisha dirisha liko wazi kabla hujaandika kurasa hamsini.

Tech-X ya Boulder, Colorado ni mfano wa kampuni iliyokua kwa njia hiyo. Programu ya VORPAL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Colorado na kuendelezwa na hao Tech-X, ilitumika kwenye simulesheni za kazi ya maabara ya Berkeley ya kuharakisha elektroni kwa leza ndani ya plasma, ikachapishwa kwenye jarida la Nature 2004, na watu wa programu wamo kwenye orodha ya waandishi. Baada ya hapo huhitaji brosha.

Kwa Ulaya kuna Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, wa 2021 mpaka 2027. Taasisi na kampuni za nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, kwa kawaida zinaweza kupokea pesa zake. Ila miradi ya pamoja inataka angalau washirika watatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja au zilizoungana na mpango, mmoja wao lazima atoke nchi mwanachama, wewe unaongezeka juu ya hao. Maana yake hauongozi, unaalikwa, na unaalikwa na yule mtu wa hatua ya 3.

8. Vibali na mipaka

Fupi lakini usiruke. Maabara za Marekani zina sheria za udhibiti wa teknolojia inayotoka nje, na kumwonyesha msimbo fulani mgeni aliyekaa hapo hapo Marekani kunaweza kuhesabiwa sawa na kuupeleka nje. Akaunti ya mgeni kwenye mifumo yao inapitia ukaguzi, omba mapema mno. Simulesheni za mambo ya nyuklia zina kanuni zao za peke yake, hapo mwachie mwanasheria. Huku nyumbani, utafiti unaofanyika Kenya unataka kibali cha NACOSTI, Tanzania ni COSTECH.

9. Endesheni kazi

Kikao kifupi kila wiki, hata kama hamna jipya. Majaribio ya otomatiki yanayorudia yale matokeo ya hatua ya 4 kila msimbo ukibadilika, ili siku namba ikihama mjue ilihama lini na nani aliigusa. Mtu wako mmoja aende akakae maabara hata wiki mbili, utashangaa vitu wanavyofanya kwa mkono ambavyo hawajawahi kuvitaja kwenye imeli kwa sababu wamevizoea.

10. Majina kwenye makala

Ongeeni mapema nani anawekwa kuwa mwandishi. Kila toleo liweke Zenodo (hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, iko chini ya CERN tangu 2013, bure) upate namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha kunukuu, ili hata asiyekuweka kuwa mwandishi aweze kukunukuu. Na andikeni makala ya programu yenyewe. Ile ya Geant4 ya 2003 ni moja ya zinazonukuliwa zaidi kwenye fizikia nzima, na ni makala ya programu. Maabara ikitaka kusoma rasimu zenu kabla hazijatoka kubali, ila weka kikomo cha siku, kwa mfano 30, wasije wakaikalia.

MAMBO YAKIKWAMA

Jibu letu linatofautiana na lao kidogo tu. Angalia vizio kwanza. Kisha mbegu ya namba za nasibu, je ni ile ile? Kisha idadi ya nyuzi za hesabu, maana ukijumlisha desimali kwa mpangilio tofauti tarakimu za mwisho zinahama, hilo sio kosa, lieleze kwa maandishi. Zikiisha hizo zote na bado tofauti ipo, kuna uwezekano wao ndio wamekosea, sema kwa adabu na ushahidi.

Data haiji. Mara nyingi mtu wako anataka kukupa ila kundi lake halijaruhusu, kwenye majaribio makubwa data ni ya kundi zima sio ya mtu. Omba data ya simulesheni badala yake, hiyo huruhusiwa kirahisi zaidi, fanya kazi nayo huku ruhusa inatafutwa.

Mtu wetu wa ndani ameondoka. Mikataba yao ni mifupi, ataondoka tu, kwa hiyo kuanzia mwezi wa kwanza mtafute wa pili na mfanye awepo kwenye vikao. Aliyeondoka usimpoteze, kule alikokwenda kuna shida ile ile.

Programu inagoma kuwaka kwenye klasta. Kama inapiga simu kwa seva ya laiseni kila ikiwaka na mashine haina intaneti ndio sababu. Wapeni faili ya laiseni inayofanya kazi bila mtandao, yenye tarehe ya mwisho.

Wanataka msimbo wote. Uliza kwa nini. Kama wanaogopa kampuni itakufa, msimbo uwekwe kwa mtu wa tatu na wakabidhiwe mkifunga biashara. Kama wanataka kuukagua wajue hesabu inafanywaje, wape wasome chini ya makubaliano ya siri, hiyo ni haki kabisa, hakuna mwanafizikia atakayechapisha namba iliyotoka kwenye sanduku lililofungwa. Kama hawana sababu, rudi hatua ya 6.

Mkataba umekaa kwa wanasheria miezi na hausogei. Omba kikao kimoja chenye wanasheria wa pande zote na mwanafizikia ndani ya chumba kimoja, au Zoom moja. Mwanafizikia akisema mbele yao kwamba dirisha la mashine ni la mwezi fulani na likipita ni mpaka mwaka ujao, vipengele viwili vilivyokuwa vinazungushwa kwa imeli vinaisha siku hiyo hiyo. Na kama kipengele kilichokwama ni cha kugawana faida ya bidhaa ambayo bado haipo, kitoeni, andikeni kwamba mtakaa kukijadili pesa ikianza kuingia.